Kama huoni sakafu ya bwawa, mtu asiingie

Jumapili moja ya mwezi wa Juni tulimtafuta mtoto wa dada yangu kwa dakika kama 10 nyumbani kwa baba mdogo, Mbezi Beach. Ana miaka 4. Kila mtu aliita jina lake, na kila mtu aliangalia upande mmoja bila kuutaja: bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, lililokaa zaidi ya mwaka bila kuguswa. Maji yake yalikuwa na rangi ya mlenda. Shemeji aliingia na nguo zake, akawa anapapasa sakafu kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona hata kidato cha pili cha ngazi. Mtoto tulimkuta amelala ndani ya gari, kiti cha nyuma. Dada alikaa chini palepale barazani akalia, nami nikalia naye.

Jioni ile nilimpigia baba mdogo, aliyekuwa safarini kwa matibabu, nikamwomba ruhusa nilishughulikie bwawa. Akasema, "Fanya mwanangu, mimi sikuwa na nguvu tena." Ilinichukua wiki tatu. Mbili za kwanza zilipotea bure, na naandika ili wewe usizipoteze.

Kwanza nilitaka kumwaga maji yote nianze upya. Jirani, mzee aliyejenga mabwawa miaka mingi, akanizuia. Masika yalikuwa yametoka kuisha, na maeneo yetu ya karibu na bahari maji ya ardhini huwa juu. Bwawa lililojaa hulala kwa uzito wake. Likiwa tupu, maji ya chini yanaweza kulisukuma likapasuka au likanyanyuka kutoka ardhini. Basi nikaacha maji, nikaanza na neti. Nyuma ya nyumba kuna mti mkubwa wa mkungu, na majani yake yalikuwa yamelala chini tabaka kwa tabaka. Majani ya mkungu hutoa rangi ya chai majini, na yakioza hula klorini yote utakayoweka. Nilitoa ndoo 30 na zaidi. Kazi hii ni ya kuchosha na inanuka, lakini usimwage dawa yoyote kabla hujaimaliza. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejaa kila pembe. Sisi wa Dar es Salaam tuliopitia homa ya dengue mwaka 2014 na 2019 tunajua mbu wa mchana wanatoka kwenye maji ya namna gani, na kwangu hilo pekee lingetosha kuwa sababu ya kuanza kazi.

Sasa kosa langu. Dukani niliambiwa niweke klorini ya unga, nyingi, na dawa ya maji ya kung'arisha. Niliweka. Kijani kikaondoka ndani ya siku mbili, nikafurahi. Kilichobaki kilikuwa maji meupe kama tui jepesi, na hayo hayakuondoka. Niliongeza klorini, niliongeza dawa ya kung'arisha, na wiki nzima ikapita maji yakiwa vilevile, huku pampu ikila uniti 18 za umeme wa LUKU kila siku.

Weupe ule ulikuwa mizoga. Mwani, yaani kile kijani cha majini, ukifa hauyeyuki. Unabaki vipande vidogo mno vinavyoelea, na dawa iliyouua haina uwezo wa kuviondoa. Kinachoviondoa ni kichujio. Na kichujio chetu kilikuwa kimekufa kabla ya mwani. Nilipokifungua nilikuta mchanga umeshikana mabonge, una mafuta, na katikati maji yamejichimbia njia yao, yanapita bila kuchujwa. Kwa hiyo pampu ilikuwa inazungusha uchafu uleule usiku na mchana. Ningefungua kile kifuniko siku ya kwanza, ningeokoa wiki mbili na fedha zote za dawa.

Tulibadilisha mchanga, mifuko 5 ya kilo 25. Usichukue mchanga wa ufukweni wala wa ujenzi. Unatakiwa mchanga wa kichujio, uliochekechwa punje zake ziwe kati ya milimita 0.4 na 0.8. Kabla ya kumimina, jaza tangi maji hadi nusu, ili mchanga usivunje vile vidole vya plastiki vilivyo chini. Na valvu yenye mpini ile, usiigeuze kamwe pampu ikiwa inafanya kazi. Baada ya hapo soma geji ya presha, andika namba yake ukutani kwa kalamu. Ikipanda kwa nusu bar hivi, mchanga umejaa uchafu: geuza maji yapite kinyume, yamwagike nje mpaka yatoke safi, kisha urudishe. Siku za mwanzo nilifanya hivyo asubuhi na jioni.

Bwawa letu ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Piga hesabu hii kabla ya kununua chochote, maana dozi zote zinatoka hapo. Kisha pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Maji yetu ni ya kisima, na pH ilisoma 8.2. Klorini kwenye maji ya namna hiyo huwa goigoi: pH ikifika 8, ni kama moja ya tano tu yake iliyo na makali, wakati kwenye 7.5 ni karibu nusu. Nilishusha kwa asidi hadi 7.2, kidogokidogo, nikipima kila baada ya saa chache. Hapo ndipo nikaweka klorini, robo tatu ya kilo ya ile yenye nguvu ya asilimia 65, ambayo kwa bwawa letu inapandisha kipimo kwa takriban miligramu 10 kwa lita. Iweke baada ya jua kuzama. Jua letu la saa sita linaweza kumaliza nusu ya klorini isiyo na dawa ya kuikinga na jua kabla hata ya saa moja kupita.

Nakuomba hapa usome polepole. Asidi na klorini zisikutane, si kwenye ndoo, si kwenye kikombe cha kupimia, wala kwenye rafu moja ya stoo. Zikichanganyika hutoa gesi inayoua. Klorini ya unga na vile vidonge vya klorini navyo visichanganywe, vinaweza kuwaka moto. Na siku zote ni dawa inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye dawa. Baba mdogo alikuwa ameweka vyote pamoja chini ya ngazi za ndani, karibu na chumba cha watoto. Nilivitenganisha siku hiyohiyo.

Kama maji yako ni ya kisima, usishtuke yakigeuka rangi ya kutu ukishaweka klorini. Hayo ni madini ya chuma yaliyokuwa yamejificha; kichujio kizuri huyatoa polepole.

Nilijuaje kwamba mwani umekwisha? Nilipima klorini usiku, nikapima tena alfajiri kabla ya jua. Usiku hakuna jua la kuila, kwa hiyo ikipungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu hai bado kinaila. Usiku wa tatu haikupungua.

Ukungu mwembamba ulibaki, na hapo nikamkumbuka bibi. Kijijini kwake Rufiji alikuwa akichukua jiwe la shabu, analizungusha ndani ya mtungi wa maji ya mto, anaufunika, na asubuhi tunakunywa maji safi kabisa, matope yamelala chini. Shabu ni ya jamii moja na aluminiamu salfeti inayotumika kwenye mitambo mingi ya maji ya bomba. Niliyeyusha kilo 2 kwenye ndoo, nikamwaga kuzunguka bwawa lote, nikaweka valvu kwenye mzunguko usiopita kwenye mchanga kwa saa mbili, kisha nikazima pampu. Hakuna kugusa maji usiku kucha.

Asubuhi sakafu yote ilikuwa na utando mweupe kama maziwa ya mgando. Huo unyonywe kwa bomba na kumwagwa nje moja kwa moja; ukiupitisha kwenye kichujio utakiziba. Ufagio wa kunyonyea uende taratibu, kama mtu anayefagia majivu. Ukiharakisha, utando unatibuka na inabidi usubiri usiku mwingine. Mimi ilinibidi nisubiri. Tulipoteza maji ya sentimita 20 hivi, tukajazia kwa boza. Shabu hushusha pH, kwa hiyo pima tena ukimaliza.

Siku hizo zote watoto walisimama dirishani wakiuliza kama tayari. Maji ya kijani humtisha mtu. Hayo meupe yanavutia, yananukia klorini, na mtu mzima anaweza kujiambia kwamba yanatosha. Hayatoshi. Mtoto akizama mita moja na nusu ndani ya maji ya namna ile, unaweza kusimama ukingoni ukiangalia juu yake na usimwone. Dada alishanisihi mara mbili niwaache waingie upande wa kina kifupi, nikakataa, na akanielewa bila mimi kumkumbusha ile Jumapili.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa sarafu. Niliitupa upande wa kina kirefu, nikasubiri maji yatulie, nikaangalia kutoka ukingoni kama naweza kusema imelala upande gani. Siku mbili sikuweza. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, niliona upande wa sarafu, na karibu yake nikahesabu skrubu 4 za kifuniko cha bomba la chini. Klorini ilisoma 3, pH 7.4. Nilimwita dada aje aone mwenyewe, naye akahesabu skrubu moja moja kabla ya kwenda kuwaamsha watoto.