Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: maswali yenu

Msimu wa kupanda mahindi ukikaribia, wasomaji wa Trans Nzoia huuliza jambo moja tu: mbolea ya bei nafuu ya serikali.

Jirani anasema serikali inalipa wakulima. Pesa zangu ziko wapi? (Kiminini)

Hakuna pesa zilizotumwa. Ruzuku hii hailipwi mkononi, imo ndani ya bei. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia, lilifika Sh6,500 madukani. Septemba mwaka huo serikali ikaliuza Sh3,500, kisha Agosti 2023 ikateremsha hadi Sh2,500. Tofauti hiyo ndiyo malipo yako. Asiyenunua hapati chochote, na mwenye ekari kumi hupata mara kumi ya mwenye moja. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mpango huu. Ekari moja inataka gunia la kupandia na la kukuzia, yaani Sh5,000 kwa bei hiyo ya 2023. Mjane ambaye karo ya Januari imeshamaliza mahindi yake ya stoo atazitoa wapi mwezi Machi? Huyo husaidiwa kwa jina tu.

Nalima ekari mbili za kukodi, lakini mwenye shamba amejiandikisha yeye kupata mbolea hii. (Saboti)

Anayestahili kuandikwa ni anayelima. Kwa chifu utaulizwa kitambulisho, nambari ya simu, mimea unayopanda na ukubwa wa shamba, la kukodi likiwemo. Beba makubaliano yenu, hata kama yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi. Zungumza na mwenye shamba kwanza, maana chifu hapendi kuamua kesi ya watu ambao hawajasemezana.

Ujumbe wa simu wa kuchukua mbolea umefika ila ghala la NCPB, bodi ya nafaka, ni mbali. Kuna dalali anataka kuununua. (Endebess)

Usimuuzie. Magunia yatatoka kwa jina lako na shamba lako litabaki bila mbolea. Uliza kama chama cha ushirika cha karibu kimefanywa kituo cha kugawa. Kama hakuna, jikusanyeni majirani mkodi pikapu moja, kila mtu na kitambulisho chake. Kabla ya kuondoka, pigeni simu ghalani: kupata ujumbe si kupata mbolea.

Mume wangu alifariki na laini yake ndiyo inapokea ujumbe. (Cherangany)

Pole sana, mama. Jiandikishe upya kwa kitambulisho na nambari yako mwenyewe. Usitumie ya mtoto. Akienda Nairobi kutafuta kazi, ujumbe utaenda naye.

Ile kashfa ya mbolea feki ya 2024 iliishaje? (Kwanza)

Mei 2024 wabunge walipiga kura kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikasema madai hayakuthibitishwa, akabaki. Julai akaondoka rais alipovunja baraza la mawaziri. Waliouziwa waliahidiwa mbolea nyingine, lakini bila risiti utadai nini? Itunze hadi uvune.

Naweka DAP kila mwaka na mavuno yanashuka. Niongeze? (Kitale)

Hapana. Udongo wa huko kwetu una asidi sehemu nyingi, na DAP ya mfululizo huizidisha. Asidi ikizidi, fosforasi uliyoinunua hung'ang'ania udongoni na mizizi haiipati. Bei nafuu imewafanya wengi wanunue bila kupima udongo kwanza. Pima, na ukiambiwa utie chokaa, itie wiki kadhaa kabla ya mvua. Ukingoja hadi siku ya kupanda, utakuwa umechelewa.