Kabla hujalifungua tena duka la babako

Nilirudi Wete, kisiwani Pemba, na mabunda ya vitambaa kutoka Unguja na ufunguo wa duka la marehemu baba. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, tukausukuma watu wawili. Ndani nikakuta mizani, pishi ya mbao, na daftari la madeni ambalo nusu ya majina yake wenyewe wameshazikwa.

Nikafungua katikati ya msimu wa karafuu, na kosa langu lilianzia hapo. Msimu ukiwa mzuri, Pemba yote ina fedha. Majamvi yameanikwa mpaka kando ya barabara, wachumaji wanalipwa kwa pishi, na anayetoka kuuza kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hapiti dukani mikono mitupu. Vitambaa vilikwenda. Nikajiona mjuzi wa biashara, nikachukua mzigo wa pili kwa mkopo. Mwaka uliofuata mikarafuu haikuzaa kitu. Ndiyo tabia yake, ikibeba sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Vitambaa vikakaa kabatini mpaka mikunjo ikapauka.

Shangazi alikuja siku moja, akakaa barazani, akatazama rafu. "Mwanangu, hili ni duka la babako. Lako utalifungua lini?"

Niliudhika. Lakini alisema kweli, na ndilo ninalotaka kukwambia wewe unayefikiria kurudi kwenu na akiba ya miaka kumi: usianze na kile ambacho mji ulikuwa ukisifika nacho. Kaa wiki nzima mahali gari zinaposhusha watu, utazame wamebeba nini na wanaulizia nini. Mimi nilikaa zinaposhusha gari za 606, zile za kutoka Chake. Nikaona wanafunzi, wagonjwa na wanaowasindikiza, na wachuuzi wa samaki wenye ndoo wakikimbizana na jua. Aliyeulizia kitambaa, hakuna hata mmoja. Wachuuzi waliulizia barafu.

Zama za baba hakuna ambaye angefikiria kuuza barafu. Umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta, leo upo kesho haupo, na samaki aliyebaki jioni alikaangwa au alitiwa chumvi. Mwaka 2010 ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Watu walishangilia taa. Mimi naona kilichoubadilisha mji khasa ni friza. Nikanunua moja iliyokwishatumika, nikaanza kugandisha maji kwenye vifuko. Vitambaa vilivyobaki, vile vyeupe na vya buluu, nikampa fundi cherehani ashone sare za skuli. Zikaisha kabla skuli hazijafunguliwa Januari.

Wazee wa bandarini watakwambia Wete imekufa, kwa kuwa majahazi si yale. Wasikilize kwa adabu, kisha kumbuka historia. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa yetu zaidi kuliko yao. Miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikawa inajitosheleza kwa karafuu zake. Bei ikaporomoka, na vijana wengi wakavuka maji. Kumbe huo mji wanaoulilia ulijengwa na dhoruba ya watu wengine.

Jambo jengine, usibomoe baraza. Nilitaka kuliziba niweke kabati la vioo, shangazi akakataa katakata. Sasa wachuuzi hukaa pale asubuhi wakisubiri barafu, na mimi nikiwa ndani nasikia bei ya changu na ya pweza, nani ameozewa na bidhaa jana, bahari imekaaje. Tangazo la redio lisingenipa habari hizo.

Na madeni? Hapo sina ushujaa. Mji mdogo huwezi kukataa kukopesha. Utakutana na mtu huyo huyo msikitini, kwenye harusi na mazikoni. Barafu sikopeshi, kwa sababu inayeyuka na hamu ya kulipa inayeyuka nayo. Sare nakopesha, kwa mwenye mikarafuu au anayechuma, alipe msimu ukifika. Nimewaandika kwenye daftari lile lile la baba, nikianzia ukurasa mpya.