Wauza dagaa wanauliza, sisi tunasambaza

Swali la wiki la gazeti lenu lilikuwa: je, simu mkononi mwa raia imeziba pengo la habari za mtaani, au imelipanua? Najibu nikiwa Kirumba, Mwanza, ninakofanya utafiti wa shahada kuhusu namna habari zinavyosafiri kati ya mialo, yaani bandari ndogo za wavuvi ziwani, na mjini. Kwa niliyoyaona, pengo limezibika pale tu ambapo anayepokea taarifa anaiuliza maswali. Kwingine simu imeongeza kelele.

Mfano wangu bora ni soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba. Soko lile linauza dagaa hadi Kongo, Rwanda na Burundi, na siku hizi sehemu kubwa ya biashara inapitia makundi ya WhatsApp. Alfajiri mama anatuma sauti kwamba mzigo umeingia, anataja bei ya ndoo. Papo hapo maswali yanamiminika. Uko mwalo gani? Hao wamekaushwa kichanjani au mchangani? Mvua ya jana haijawapiga? Piga picha, weka na kiganja tuone ukubwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, kwa hiyo anayedai siku hizo kwamba ana mzigo mbichi wa kutosha hubanwa mpaka aseme umetoka wapi. Hakuna kati yao aliyesomea uandishi wa habari, lakini wanayouliza ndiyo ambayo mhariri makini angemuuliza mwandishi wake: wapi, lini, umeona mwenyewe au umeambiwa? Wanauliza kwa sababu hela yao imo.

Sasa fungua kundi la mtaa. Watu ni wale wale. Inaingia klipu ya ajali, haina mahali wala tarehe. Wanaweka pole, wanaisambaza. Hakuna anayeuliza hata ni barabara ipi.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu tunaotafiti jambo hili, wakiwemo wanafunzi wa pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Nyegezi, tusiridhike na kuhesabu picha na video zilizorushwa. Hesabu hiyo ni nyepesi, na inatuonyesha raia akituma tu. Tuangalie dakika kumi zinazofuata: nani ameuliza, nani amejibu, nani amesahihisha. Tena tusikilize sauti, tusisome maandishi pekee, maana huku ziwani mambo mengi mazito husemwa kwa mdomo. Na tuombe ruhusa. Kuingia kimyakimya kwenye kundi la watu na kunakili maneno yao ni kuwaibia, hata kama tasnifu itapata alama nzuri.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Waliowahi kuokoa ni wavuvi na wakazi wa kisiwani, na picha za chombo kilicholala kifudifudi zikaenea nchi nzima. Miaka 22 kabla, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwa hilo hilo Mei 1996, nchi ilitegemea redio na magazeti, na kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, idadi ya waliopotea inabishaniwa hadi leo. Kati ya misiba hii miwili simu zilikuwa zimefika visiwani. Zilituonyesha maafa. Lakini swali la kwamba wamepanda wangapi, na chombo kinaruhusiwa wangapi, huulizwa gatini kabla kamba haijafunguliwa, na hiyo ndiyo habari ya mtaani ninayoilalamikia kwamba hatuna. Ingekuwa habari ndogo, ya aya mbili. Ingetosha.

Kuna pia hofu, na siwezi kuipita. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinatoa adhabu kwa kusambaza taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa leseni iliyomgharimu zaidi ya shilingi milioni 2. Matokeo ninayoyaona ni kwamba taarifa ikitiliwa shaka, admini anaifuta haraka badala ya kuacha isahihishwe mbele ya wote. Aliyeshaisoma anabaki nayo vile vile ilivyokuwa, na mtafiti anakuta nafasi tupu.

Kwa hiyo sidhani dawa ni kumpa kila raia semina ya siku moja na cheti. Redio zipo. Radio Free Africa inarushwa kutoka hapa Mwanza, na ng'ambo ya ghuba kuna redio ya jamii ya Sengerema. Kipindi cha asubuhi kichukue swali moja la wasikilizaji wa kata moja, mtangazaji alipeleke kwa mtendaji au kwa diwani, jibu lisomwe hewani kesho yake likiwa na jina la aliyelitoa. Asipojibu, lisomwe tena keshokutwa. Mwananchi asiye na kitambulisho cha mwandishi wa habari anapewa kisogo ofisini. Redio ikiuliza kwa niaba yake, mlango unafunguka.

Hata gazeti lenu linaweza kuanza. Mnapokea barua kutoka mialo mingi. Mkipenda, swali la kwanza hili hapa, la mtaani kwangu: mapato na matumizi ya mtaa yalisomwa lini mara ya mwisho mbele ya mkutano wa wakazi, na kwa nini kisima kilichochangiwa bado hakina pampu?