Usiuweke Wimbo Kabatini

Albamu yetu ya kwanza ilipokelewa vizuri kuliko tulivyotarajia. Sisemi ilivuma, roki hapa Nairobi ina watu wake, na wengi tunajuana kwa sura. Lakini CD tulizokuwa tukiuza mlangoni baada ya shoo ziliisha zote, watu wakaanza kuuliza: mpya lini?

Wimbo mpya tulikuwa nao, tena mzuri kuliko nyimbo zote za albamu ile. Mimi, mpiga gitaa na mbishi mkuu wa kikundi, ndiye niliyesema tuuhifadhi wimbo huo uje kufungua albamu ya pili. Albamu ilihitaji nyimbo 10, tulikuwa na 3. Mwaka ukapita. Mpiga dramu akapata kazi Qatar, akaenda zake. Wimbo uko kwenye simu yangu hadi leo, umerekodiwa jikoni, friji inanguruma nyuma.

Siku hizi vijana wakiniuliza kifuate nini baada ya albamu iliyopendwa, nawapa habari za Oasis, kikundi cha roki cha Manchester, Uingereza. Albamu yao ya kwanza, Definitely Maybe, ilitoka mwishoni mwa Agosti 1994, ikaingia kwenye chati ya Uingereza moja kwa moja namba 1. Desemba hiyohiyo, hata miezi 4 haijatimia, wakatoa Whatever. Wimbo huo haukuwemo kwenye albamu ya kwanza, wala hawakuutia kwenye ya pili iliyotoka Oktoba 1995. Ulikuja peke yake, ukafika namba 3.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyoupika. Albamu ile karibu yote ni ngurumo ya magitaa. Wimbo huu una vayolini, na unakwenda zaidi ya dakika 6 bila haraka. Aliyekuwa na albamu hakuuziwa kitu kilekile mara mbili. Ila sauti ni ya mwimbaji wao, Liam Gallagher, ileile yenye kiburi, kwa hiyo hakuna aliyehisi ameingia nyumba ya watu. Nami ndivyo ninavyowaambia: kama albamu yenu ilikuwa ya fujo, toeni wimbo mpole, lakini mwimbaji msimguse. Nimeona kikundi kikibadili mwimbaji, mdundo na hata lugha kwa mpigo mmoja. Mashabiki waliduwaa.

Wimbo wa kusindikiza nao usiwe makapi. Kwenye singo hiyo, yaani CD ya wimbo mmoja mkuu na wenzake wachache, Oasis waliweka pia Half the World Away, ulioimbwa na Noel, kaka yake Liam na mtunzi wao mkuu, na miaka kadhaa baadaye ukawa wimbo wa kufungulia The Royle Family, kichekesho cha televisheni ya Uingereza.

Jambo la kuogopa ni lahani. Mwanzo wa Whatever ulifanana mno na wimbo wa zamani wa Neil Innes, mwanamuziki Mwingereza. Alidai haki yake, na jina lake likaongezwa kwa watunzi. Kwa hiyo kabla hamjalipa studio, mwimbieni mtu mzima asiyejua roki ni nini. Mwaka jana nilimwimbia mama kiitikio changu kipya, nikijiona fundi kwelikweli. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Nilipomaliza, akadakia na ubeti wa pili, maneno yote, kama wanavyouimba kanisani kwao kila Jumapili.