Karatasi isiyo na jina inaweza kukutaja

Wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wa sekondari wajibu madodoso ya siri kuhusu pombe, mapenzi na msongo wa mawazo. Waulizwe, tena mapema. Ila mimi nauliza: karatasi zinakusanywa na nani?

Kuna shule moja ya bweni upande wa Machame. Kidato cha Pili, wanafunzi wawili wawili kwenye dawati. Watafiti walifika na kibali, ridhaa za wazazi na dodoso la Kiswahili lisilo na nafasi ya jina. Mwalimu wa nidhamu akabaki darasani kusimamia utulivu, akawa anapita katikati ya madawati. Ukurasa wa kwanza ukauliza jinsia, umri, mkondo na kijiji. Msichana wa miaka 18 kwenye mkondo ule alikuwa mmoja tu. Jina la nini tena? Kisha likaja lile la "kama hujawahi kunywa, ruka hadi swali la 31." Waliojibu hapana wakamaliza mapema, wakafunga karatasi. Waliojibu ndiyo wakabaki wameinama wanaandika, darasa zima likiwahesabu. Mwisho kiranja akakusanya karatasi zikiwa wazi, akampelekea mwalimu.

Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) la afya ya wanafunzi, lililotumika hata hapa Tanzania mwaka 2006 na 2014, halina kuruka. Asiyekunywa ana jibu lake la kuweka alama katika kila swali la pombe, kama "sikunywa" au "siku 0", hivyo wote wanajibu maswali sawa. Ongeza bahasha kwa kila mtoto, penseli za aina moja, sanduku lenye tundu nyuma ya darasa, na mwalimu nje ya mlango. Kundi lenye wanafunzi chini ya watano lisitolewe peke yake kwenye ripoti.

Na pombe ni ipi? Mtoto wa Kichagga aliyeonjeshwa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kipaimara anajibu ndiyo au hapana? Wapo wa huku na wapo wa kule, na takwimu imeharibika. Itaje mbege kwa jina, useme wazi kwamba funda moja mbili hazihesabiwi. Na ukiuliza "siku 30 zilizopita" katikati ya Januari, umepima Krismasi ya kijijini, hujapima bweni.

Zito kuliko yote ni swali la kujiua. Usiri ukikamilika, mtoto aliyejibu ndiyo huwezi kumpata, na hiyo ndiyo ahadi uliyompa. Wengi huishia kugawa namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Bwenini simu hairuhusiwi! Mshauri awepo shuleni siku hiyo na wiki inayofuata, awaone wote kwa kufuata orodha ya darasa, ili anayeingia ofisini kwake asishukiwe.

Nikifika hapa, ile ndiyo yangu inapungua. Shule isiyokubali kumtoa mwalimu nje na kumweka mshauri, isiachiwe kufanya zoezi hili hata kama vibali vyote vipo, na kwa ninavyozijua shule za bweni za Kilimanjaro, nyingi hazitakubali muhula huu. Labda za kutwa zianze. Ila huko nako watoro, ambao afya yao ndiyo ya kuhofia zaidi, siku ya dodoso hawatakuwepo darasani.