Ngazi ya mhudumu wa dharura hainunuliwi dukani

SWALI: Nasimamia wahudumu wa ambulensi. Wengine wana kozi ya siku chache ya huduma ya kwanza, wengine wamesoma miaka. Nikinunua vifaa vya kuingizia mrija wa hewa na kuwapa wote mafunzo ya wikiendi, watakuwa wote sawa, paramediki, yaani wahudumu wa ngazi ya juu kabisa?

JIBU: Hapana. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara limeanzia kwenye vifaa.

Kuingiza mrija kwenye mdoli mtu hujifunza asubuhi moja. Mgonjwa mwenye damu na matapishi kinywani, gari linayumba, ni jambo jingine. Mrija ukipotea ukaingia kwenye umio, njia ya chakula, hewa inajaza tumbo huku mhudumu akidhani kifua kinapanda. Kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi kitamwambia ukweli, ila awe anajua kukisoma, tena awe na moyo wa kuuchomoa mrija aliouweka mwenyewe mbele ya ndugu wa mgonjwa. Wikiendi haimpi mtu hayo.

Kusawazisha ngazi si kuwapandisha wote juu. Ni kuhakikisha kila mwenye jina fulani anajua, na anaruhusiwa, yale yale popote alipo. Marekani wana ngazi nne, na mhudumu hupita milango minne: elimu, cheti, leseni, kisha idhini ya daktari msimamizi. Hata mwenye leseni, daktari wake asipomwidhinisha, hafanyi.

Halafu hii dharau kwa ngazi ya chini inatoka wapi? Huko Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa pale ambapo mioyo iliyosimama ilikuwa tayari inawahiwa kushtuliwa kwa umeme, kuongeza matibabu ya ngazi ya juu hakukuongeza waliopona. Basi wapime watu wako mmoja mmoja kwanza: kushindilia kifua cha mtu mzima mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kupumulisha kwa mfuko na barakoa bila hewa kuvuja, kuzuia damu. Wenye miaka mingi nao wapime. Utashangaa.

Na hao wanaouza mafunzo ya wikiendi na vyeti vyake, waulize: daktari msimamizi ni nani, mwanafunzi anahudumia wagonjwa halisi kwa saa ngapi, cheti kinaisha lini? Wakikujibu kwa picha za mahafali, funga pochi yako.