Wasomaji Wanauliza: Mbunge Wangu Alisema Nini, na Alipiga Kura Gani?

Barua nyingi zinazotufikia wakati wa mkutano wa bajeti zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mwananchi atampimaje mbunge wake bila kutegemea mabango ya barabarani na vipande vya video vya nusu dakika? Tumechagua sita.

Wahariri, nimehangaika kutafuta orodha ya kura za mbunge wetu kwenye kila muswada, siioni. Imefichwa wapi? — Mwanafunzi, UDOM

Haijafichwa, ndugu yetu. Kwa miswada mingi orodha hiyo haipo kwa sababu haikuandikwa kabisa. Bunge la Tanzania huamua mambo mengi kwa sauti: anayeongoza kikao anawahoji wabunge, wanaoafiki wanasema "ndiyo", wasioafiki wanasema "siyo", naye anatangaza walioshinda kwa jinsi alivyosikia. Ukifungua Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani hansadi, utakuta mistari miwili tu ndani ya mabano: *(Hoja ilitolewa iamuliwe)*, halafu *(Hoja iliamuliwa na kuafikiwa)*. Hakuna jina. Aliyesema "siyo" kwa nguvu zote na aliyekuwa kantini akinywa chai wanalingana kwenye maandishi. Kwa maoni yetu huo ni upungufu mkubwa, maana sheria inambana mwananchi kwa jina lake lakini aliyeipitisha hajulikani kwa jina.

Bajeti kuu ndiyo tofauti yake. Mjadala ukifungwa mwezi Juni, makatibu walio mezani wanaita majina, na kila mbunge anajibu kwa sauti yake. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Majibu hayo yanaingia hansadi, na wasiokuwepo nao wanajulikana. Kwa hiyo anza na hansadi ya siku hiyo. Uchaguzi wa Spika na Naibu Spika ni wa kura ya siri, usipoteze muda kuutafuta.

Kwa yaliyobaki, tafuta msimamo mahali pengine. Pa kwanza ni Kamati ya Matumizi, pale Bunge linapopitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu baada ya mjadala. Ikifikiwa Kifungu 1001, chenye mshahara wa Waziri, wabunge husimama kudai maelezo, na asiyeridhika hushika shilingi: anapendekeza mshahara huo upungue shilingi moja ili hoja yake ijadiliwe. Wenzake wanachangia, Waziri anajibu, kisha mwenye hoja ama anarudisha shilingi au hoja inapigiwa kura. Soma sana aya ya mwisho. Mbunge aliyerudisha shilingi baada ya kupewa mwaka wa fedha na taasisi itakayotekeleza amepata kitu. Aliyeirudisha kwa "nimemwelewa Mheshimiwa Waziri" hana cha kukuonyesha, hata kama video yake ya kushika shilingi ilizunguka nchi nzima. Fahamu pia kwamba muda ukiisha gilotini inaingia, na vifungu vilivyosalia hupitishwa kwa mkupuo bila mtu kuuliza.

Pa pili ni jedwali la marekebisho. Mbunge anayepinga kifungu cha muswada kwa dhati haishii kulalamika. Anaandika marekebisho yake, anayawasilisha, na yanajadiliwa katika Kamati ya Bunge Zima, yaani Bunge lote likikaa kama kamati. Hayo yana jina lake.

Ukiona wabunge wa chama kimoja hawatofautiani hadharani, kumbuka Ibara ya 71: anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Ndiyo maana ugomvi mwingi huishia kwenye vikao vya ndani vya chama na kwenye kamati, mlango ukiwa umefungwa.

Nimepakua hansadi, kurasa ni nyingi mno. Nasomaje bila kulala? — Dada wa Nkuhungu

Usiisome kama gazeti, dada. Pakua faili la siku husika kutoka tovuti ya Bunge, kisha tafuta ndani yake jina la kata au kijiji chako kabla ya jina la mbunge. Jaribu tahajia zaidi ya moja, kwa sababu majina ya Kigogo huandikwa kila mtu na lake. Ukitafuta jina la mbunge kwanza, utakutana na matangazo ya wageni wake waliokaa jukwaani.

Maswali huulizwa asubuhi, mara tu baada ya kikao kufunguliwa saa 3. Kila swali la msingi lina namba na kichwa cha habari, na chini yake utaona mstari wa namna hii: *MHE. FULANI (K.n.y. MHE. FULANI) aliuliza:-*. Hiyo K.n.y. ni "kwa niaba ya". Mwenye swali hakuwepo ukumbini, mwenzake kamsaidia. Mara moja si kosa, huenda yuko kwenye kamati au safari ya kazi. Ikijirudia mkutano mzima, muulize. Baada ya jibu, muulizaji hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mbunge anayelijua jimbo lake anajitenga na aliyeandikiwa karatasi. Mmoja anauliza kwa nini pampu ya kijiji fulani imesimama tangu kiangazi. Mwingine anamwomba Waziri "aje ajionee".

Jibu la Serikali nalo lina ngazi zake. "Kadiri fedha zitakapopatikana" maana yake leo hakuna fedha. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" ni hatua ya karatasi, na kati yake na greda kuna miaka. "Imetengwa katika bajeti ya mwaka huu" ni afadhali, lakini fedha kutengwa ni jambo moja na kutolewa ni jingine. Ukisikia "mkataba umesainiwa, mkandarasi yuko eneo la kazi", hapo nenda mwenyewe kaangalie. Andika tarehe, namba ya swali na maneno yenyewe ya jibu. Mwaka ukipita unarudi nayo kwa mbunge, na mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Tahadhari mbili. Mchango wa mbunge wa kukosoa kwa dakika zote alizopewa unaweza kuishia na "naunga mkono hoja asilimia mia moja". Msimamo wake ni huo wa mwisho, ukosoaji ni wa wapiga kura. Pili, usidanganywe na hesabu ya idadi ya michango. Mwenyekiti wa kamati anayefumua hesabu za halmashauri kwa wiki mbili anaweza kuonekana mvivu kwenye hesabu hiyo, na waziri hana sababu ya kuuliza maswali kwa kuwa yeye ndiye wa kujibu.

Mbunge alikuja na mabati ya zahanati yetu, akasema "nimewaletea". Ni ya mfukoni mwake? Nami ni mzee, nisije nikashukuru pasipostahili. — Mzee wa Kintinku, Manyoni

Shikamoo mzee. Yanaweza kuwa yake, lakini mara nyingi mabati, saruji na madawati ya namna hiyo hutoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Watu wanauita mfuko wa jimbo. Ni fedha za Serikali Kuu. Sehemu yake hugawanywa sawa kwa majimbo yote, na nyingine hufuata idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo. Haziendi kwa mbunge, zinaingia akaunti ya halmashauri. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati ya mfuko, afisa mipango wa halmashauri ni katibu, na wamo madiwani na watendaji wa kata. Mbunge wa viti maalum hana mfuko huu, msimdai.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Muulizeni mtendaji wa kata kama mradi uliibuliwa na kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari. Kisha andikeni kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa mipango, mkiomba orodha ya miradi ya mfuko ya mwaka huo wa fedha, kiasi kilichopitishwa kwa kila mmoja na kilichokwisha kutolewa. Vifaa vikifika, mkuu wa zahanati na serikali ya kijiji wapokee kwa hati: idadi ya mabati, geji yake, tarehe. Mambo huharibika hapo zaidi kuliko kwingine. Kamati inapitisha mabati ya geji 28, yanafika ya 30 ambayo ni membamba, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kitu, upepo wa kwanza unapoyang'oa hakuna wa kuulizwa. Jambo jingine ni kuwagawia watu wengi kidogo kidogo: kila kijiji mifuko kumi ya saruji, hakuna jengo linalofika kwenye linta, na saruji inagandia stoo.

Nakaa Dodoma, nasikia jimbo limegawanywa. Wangu ni nani? — Msomaji, Ihumwa

Ni kweli. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo 8 na kufanya yawe 272, na moja la hayo mapya ni Mtumba, lililokatwa kutoka Dodoma Mjini. Jiji ni lile lile lenye kata 41, lakini sasa lina majimbo mawili. Mkoani humu Mtera pia ikawa Mvumi na Chilonwa ikawa Chamwino, hivyo ukitafuta hansadi za nyuma tumia jina la zamani. Kata yako ndiyo inayoamua. Mtendaji wa mtaa atakwambia papo hapo.

Mbunge asiyeonekana bungeni anaweza kupoteza kiti? — Msomaji, Singida

Ndiyo. Ibara ya 71 inasema anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika anakoma kuwa mbunge. Hiyo ni mikutano, si vikao. Mkutano mmoja una vikao vingi, na wa bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Huko kwenu Singida Mashariki mnaikumbuka: Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha Tundu Lissu, mbunge wa jimbo hilo, kuwa wazi, akitaja utoro na fomu za tamko la mali. Lissu alikuwa nje ya nchi kwa matibabu baada ya kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017, naye alipinga uamuzi huo. Kuhusu fomu hizo, viongozi wa umma hupeleka tamko la rasilimali na madeni kwenye Sekretarieti ya Maadili kila mwaka, mwisho 31 Desemba.

Barabara yetu inakatika kila masika. Tumemwandikia mbunge Mei, kimya. Tulikosea wapi? — Wakulima wa zabibu, Hombolo

Mlichelewa, na huenda barua ilikuwa ya jumla mno. Mei wizara zinasomewa bajeti zilizokwisha pangwa. Mipango ya halmashauri huanza kwenye vijiji na mitaa mwishoni mwa mwaka, ikapita kata na Baraza la Madiwani kabla ya kupanda mkoani na wizarani. Ombi lenu liwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa au kijiji kufikia Novemba, na mbunge apate nakala wakati huo huo. Yeye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, kwa hiyo anaweza kulisimamia huko kabla hata ya kusimama bungeni.

Kwanza mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara), za wilaya, mitaa na vijiji ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Ombi likienda kusiko, litazunguka mezani hadi mvua zirudi. Kwa maji ni hivyo hivyo, vijijini ni wakala wa maji vijijini, RUWASA, na mjini ni mamlaka ya maji ya Dodoma, DUWASA.

Barua iwe ukurasa mmoja. Andikeni inapoanzia na inapoishia barabara, kilomita, korongo linalokata liko wapi, na kinachotakiwa: kalavati, daraja au changarawe tu. Wekeni picha mbili, ya kiangazi na ya masika. Tajeni hasara kwa kipimo chenu, kwa mfano kreti ngapi za zabibu zilikwama na kwa siku ngapi. Ambatanisheni muhtasari wenye saini. Pelekeni kwa mkono ofisi ya mbunge jimboni, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na mpate jina la katibu wa mbunge aliyeipokea. Mwishoni mwombeni kitu kimoja anachoweza kufanya, yaani kuuliza swali la msingi kwa Waziri mwenye dhamana, lenye jina la barabara na mwaka wa fedha. Swali huandikishwa mapema kabla ya mkutano, hivyo kwa mkutano wa Januari na Februari awe nalo mkononi mwanzoni mwa Desemba.